Gitaa la Suwedi

Gitaa la Suwedi lina miguu minane.
Nimeihesabu mwenyewe, nimelala chali chini yake
kule Mabela, nyuma ya duka la matairi,
nikitafuta parafujo iliyodondoka
na kuibuka na mbili zisizo zake.

Sisi wapiga gitaa la kulaza hatuko wengi Maskati.
Tungekuwa wengi, tungekuwa na heshima.
Tuko wanne: Suwedi, Mselemu, mimi,
na Kumarani mchomeleaji, ambaye hapigi,
ila bila yeye hakuna kinachosimama.

Ilianza kwa maneno, kama kawaida yetu.
Mselemu alikuja na nyuzi kumi.
Suwedi akacheka: "Kumi? Hizo za kuanikia nguo."
Alhamisi ya pili akaja na ishirini na nne, shingo mbili.
Mselemu akamuuliza kodi ni kiasi gani,
na kama ghorofa ya juu imeshapata mpangaji.

Basi.
Mtu akichokozwa hivyo, na ana chuma,
na ana rafiki mwenye moto!
Miezi sita hatukumwona.
Tuliona cheche tu, chini ya mlango.

Likatoka: shingo sita, nyuzi sabini na mbili,
pedali kumi na tisa
kwa miguu ile ile miwili aliyopewa na Mungu.
Lina taa ya ndani. Lina kengele ya kurudi nyuma
kama lori: tii, tii, tii.
Kulilinganisha sauti unaanza baada ya isha;
ukifika uzi wa sabini, adhana ya alfajiri inakukuta,
na jua la Juni likishagusa chuma
ule wa kwanza umelegea, unasema lugha nyingine.

Tukalipakia kwenye pikapu, twende harusini Barka.
Polisi akatusimamisha, akalizunguka mara mbili,
akataka kuona mulkiya yake.
"Ni gitaa, bwana."
Akamtazama Suwedi, akalitazama gitaa,
akasema twendeni, lakini polepole,
na lisipigwe barabarani.

Mlangoni halikuingia.
Tulijaribu ubavu, tulijaribu kichwa, tulijaribu bismillahi.
Likakaa uani, na kabla Suwedi hajavua viatu
wahudumu walishapanga juu yake
sinia za halwa, birika za kahawa,
tende kwenye shingo ya nne,
na mtoto wa mtu, amelala, kwenye ya sita.

Bi Zuwena, nyanyake bwana harusi,
aliyetoka Pemba bila kuusahau ulimi wake huko,
akaligonga kwa mkongojo, akasema papo hapo:

"Gitaa hili ni gari, au ni nyumba ya mtu?
Nyuzi zake ni bahari, hatujasikia kitu.
Tumekaa twasubiri, imepoa chai yetu.
Piga, baba, kwa hiari, ama wakalale watu."

Ua mzima ukaangua kicheko.
Mselemu alilia machozi, akaomba lirudiwe.

Suwedi hakujibu. Akasogeza sinia moja tu,
akatoa kipande chake cha chuma mfukoni,
akakifuta kwenye goti la kanzu,
akagusa uzi mmoja, ule wa karibu naye.
Akauteleza taratibu, akaupandisha, akaushusha,
mpaka mtoto wa shingo ya sita akageuka usingizini,
mpaka Bi Zuwena akatafuta kiti.
Usiku kucha hakugusa wa pili.

Tulipokuwa tukifunga kamba nikamuuliza:
"Na hizi sabini na moja?"
"Za halwa," akasema.

Tulimcheka njia nzima mpaka Sibu.
Mselemu kaapa atachonga la uzi mmoja,
linaloingia mfukoni, atuaibishe sote.
Mimi nilicheka kuwapita wote.

Jana mke wangu kanikuta sebuleni
nimepiga magoti na futikamba, napima mlango.
"Unapima nini?"
Nikamwambia kabati.
Akautazama mlango, akanitazama mimi,
akauliza kabati hilo litakuwa na nyuzi ngapi.